Miaka Tisa ya "Mwambie Baba Yako"

Wiki iliyopita mliniacha nyuma ya pazia la jukwaa, jicho langu likiwa kwenye kitundu, nikiwatazama wazazi wangu wameketi bega kwa bega katika safu ya tatu.

Kabla sijaendelea, kuna mama mmoja amemwandikia mhariri kwamba mimi ni mwongo na nisipewe tena nafasi gazetini. Mama, umesema kweli. Ndiyo maana nasimulia.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, habari zangu ni fupi kuliko aibu yangu. Baba ni mpima ardhi mstaafu. Mama ni fundi cherehani. Miaka tisa iliyopita, mbele ya wageni, Baba alichomoa futi yake mfukoni, akapima pazia jipya alilolishona Mama, akatangaza kwamba limepinda sentimita nne.

Mama hakumjibu. Na tangu siku hiyo hakumjibu tena.

Baba naye akanuna. Akapiga mstari mweupe wa rangi katikati ya sebule, kwa vipimo vya kitaalamu. Upande wa dirisha ukawa wa Mama, upande wa mlango ukawa wake. Mimi, mtoto wao wa pekee, nikabaki kuvuka mpaka.

"Mwambie baba yako."

"Mwambie mama yako."

Baba akiniambia sikioni, "Mwambie mama yako hii si chai, ni maji yaliyosikia habari za majani," mimi navuka mstari na kusema, "Mama, Baba anasema chai ya leo imemtuliza tumbo."

Mama naye akiniambia sikioni, "Mwambie baba yako jana amekoroma kama lori linalopanda mlima," mimi narudi na kusema, "Baba, Mama anauliza kama ulilala vizuri."

Watu wengine huongeza chumvi kwenye maneno. Mimi nilikuwa mtu wa sukari.

Kazi yangu ni kukaa nyuma ya pazia na kitabu cha mchezo. Mwigizaji akisahau maneno, namnong'oneza. Ndiyo maana wananiita Nong'ona. Siku moja, tukisubiri umeme urudi, nilimsimulia mwongozaji wetu mambo ya nyumbani. Alicheka. Kisha akanyamaza. Kisha akaomba kalamu.

Miezi mitatu baadaye mchezo ukawa tayari. Akauita "Mjumbe Auawe."

Baba akapata tiketi, akaniambia nisimwambie Mama. Mama akapata tiketi, akaniambia nisimwambie Baba. Niliwatii wote wawili. Mkata tiketi, kwa wema wake, aliona jina la ukoo ni moja, akawaweka pamoja.

Basi, hapo ndipo tulipo. Jumamosi, saa kumi jioni, ukumbi umejaa hadi ngazini.

*

Mama alikuwa amepakata mkoba wake kwa mikono miwili, kama abiria anayeogopa wezi. Baba alikuwa ameweka kofia gotini, anatazama dari kana kwamba ameitwa kuikadiria. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Nong'ona, unatetemeka," alisema mtu nyuma yangu.

Alikuwa Fundi Taa, yule anayewasha na kuzima taa za jukwaa. Ameshashuka ngazi yake, bisibisi sikioni.

"Nikuletee maji?"

"Niletee tetemeko la ardhi."

"Hilo sina. Maji yapo."

Akaniletea maji. Huyu ndiye aliyeniomba tuoane, miaka minne iliyopita. Nikamwambia, "Wazazi wangu nitamwachia nani? Nikiondoka leo, kesho watakufa kwa ukimya." Akaniomba tena baada ya mwaka. Nikamjibu hivyo hivyo. Tangu hapo hakuniuliza tena. Alibaki mpole, analeta maji, ananibebea kiti, na kila akinibebea kiti moyo unaniuma, maana nilijua amenikatia tamaa na sasa ananihurumia tu.

Pazia likafunguka.

Jukwaani kulikuwa na sebule. Katikati ya sebule, mstari mweupe.

Ukumbi ukacheka. Mama akaweka kiganja mdomoni. Baba akainama mbele, macho kwenye ule mstari, na mimi ninayemjua nilielewa anatafuta nini. Anaangalia kama umenyooka.

Nusu saa ya kwanza ilipita salama. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje kukohoa. Mama naye alikuwa anacheka. Baba alikuwa anacheka. Nikajiambia, labda hawajaelewa. Labda wanadhani ni mambo ya majirani. Mtu haoni kisogo chake.

Nikaanza kupumua.

Mara nikaona ukurasa tuliofika, pumzi ikakata.

*

Kuna sentensi moja ambayo niliapa haitamfikia Mama kamwe. Ilikuwa mwaka wa sita. Mama alikuwa anashona sare za shule, cherehani inalia tangu asubuhi. Baba akaweka gazeti chini, akaniambia sikioni, "Mwambie mama yako, kama ningejua, ningeioa cherehani. Hiyo angalau ukiondoa mguu inanyamaza."

Nilivuka mstari miguu ikiwa mizito. Nikamwambia Mama, "Baba anasema cherehani yako ina sauti nzuri."

Nilimsimulia mwongozaji tu. Na mwongozaji, Mungu amsamehe, aliiandika neno kwa neno.

Aliyecheza baba alikuwa mwigizaji mkongwe, sauti ya radi, kumbukumbu ya kuku. Alisogea hadi kwenye mstari, cherehani ya jukwaani ikilia, akamnyooshea kidole binti wa jukwaani, akanguruma:

"Mwambie mama yako..."

Akanyamaza.

"Mwambie mama yako..."

Jicho lake likateleza upande wangu. Amesahau.

Kazi yangu ni hiyo tu, ndugu zangu. Sijaajiriwa kupika wala kufagia. Nimeajiriwa kusema sentensi hiyo kwa sauti ya chini ili mtu mwingine aiseme kwa sauti ya juu. Na pale, mita sita kutoka kwangu, alikuwa ameketi mama yangu mzazi.

Nikafungua mdomo. Nikanong'ona:

"Mwambie mama yako nampenda."

Mkongwe akakunja uso. Lakini mwigizaji mwenye miaka thelathini jukwaani hula anacholishwa.

"Mwambie mama yako NAMPENDA!"

Binti wa jukwaani akashikwa na bumbuwazi. Jibu lake kitabuni lilikuwa, "Baba, hilo siwezi kumpelekea." Akalisema hivyo hivyo, hana jingine. Watu wakanong'onezana. Nyuma yangu mwongozaji alikuwa anavuta nywele zake mwenyewe. "Umempa nini? Umempa nini?"

Hapo ndipo sauti ilipotoka safu ya tatu.

"Sivyo!"

Nikatazama kwenye kitundu. Baba amesimama, kofia imeanguka.

"Sivyo hata kidogo! Mzee hakusema hivyo! Alisema, kama ningejua, ningeioa cherehani. Hiyo angalau..."

"...ukiondoa mguu inanyamaza!" akamalizia Mama.

Naye amesimama.

Waliisema kwa kupokezana, kwa mdundo mmoja, kama watoto wanaosoma ubao. Kisha Mama akamgeukia Baba uso kwa uso, akamwambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu:

"Na mimi nilikujibu nini?"

"Ulisema ningeioa, ingenishona mdomo."

Fundi Taa hakujua la kufanya, akafanya alilolizoea. Akawamulika. Taa kubwa ikawaangukia wote wawili, na ukumbi mzima ukapasuka kwa makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo. Mtu wa safu ya nyuma akapiga mluzi. Mwigizaji mkongwe, kwa wivu, akainama na yeye kushukuru.

"Funga pazia!" mwongozaji akanifokea. Nikashika kamba. "Usifunge! Usifunge! Waache!"

Baba akaona watu wanapiga makofi, akanyoosha koti. Mama akatengeneza kilemba. Wakaendelea.

"Na zile sentimita nne zilikuwa mbili," Mama alisema.

"Zilikuwa nne."

"Ulipima ukiwa umeegemea upande."

"Mimi? Niegemee upande? Mimi nimepima mipaka ya watu waliouana!"

Wanawake wa safu ya tano walikuwa wanalia kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni, kitabu kimenianguka. Hatimaye wazazi wangu wanazungumza. Miaka tisa nimeomba siku hii ifike. Ningepaswa kuruka kwa furaha.

Lakini kichwani kulikuwa na swali moja tu, linanigonga kama nyundo.

Sentensi ile sikuwahi kuifikisha. Mama aliijuaje?

*

Mchezo uliishaje, siwezi kuwaambia. Nilikuwa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa juu ya sanduku la mavazi katikati ya majoho na ndevu za bandia. Mlango ukafunguliwa. Mama akatangulia, Baba nyuma yake, nyuso zimewaka kama za maharusi.

"Umeona walivyopiga makofi?" Baba alisema.

"Mama," nikasema, "ile sentensi ya cherehani nani alikuambia?"

Mama akamtazama Baba. Baba akatazama ndevu za bandia.

"Si ilikuwa kwenye mchezo?" Mama akajaribu.

"Haikuwa imesemwa bado. Wewe ndiye uliyeimalizia."

Mama akamsukuma Baba kwa kiwiko.

"Mwambie," Baba akamwambia Mama.

"Mwambie wewe."

"Mimi nimesimama nje saa nzima kwenye foleni, nimechoka."

"Semeni yeyote!" nikapiga kelele, na kelele hiyo ilinishtua hata mimi. Sijawahi kupaza sauti maishani. Kazi yangu ni kunong'ona.

Mama akakaa kwenye kiti cha kupakia rangi za uso.

"Ilikuwa mwaka wa pili," akaanza. "Wewe uko kazini. Baba yako akaanguka bafuni. Nikamsikia anagonga ukuta."

"Nilikuwa nimelala chini kama samaki," Baba akasema. "Nikaita."

"Akaita, nikasimama mlangoni. Nikamwambia, subiri binti yetu arudi, umtume."

"Nikamwambia nitakufa kabla ya hapo."

"Nikamwambia basi kufa, lakini uniage mwenyewe, usinitumie mtu."

Wakatazamana, wakaanza kucheka, hapo hapo mbele yangu, kicheko cha watu wawili ambao wamelicheka jambo lile lile mara mia.

"Nilipomwinua tulikuwa tumeshacheka sana, mama," aliniambia Mama kwa upole. "Mtu huwezi kurudi kununa baada ya hapo."

"Mwaka wa pili," nikasema.

"Mwaka wa pili."

"Huu ni mwaka wa tisa."

Baba akakohoa. Mama akaanza kukunja joho lililokuwa karibu yake, akalikunja vizuri, akalikunjua, akalikunja tena.

Yaani miaka saba, ndugu zangu! Miaka saba, kila nikifunga mlango kwenda kazini, wao wanasogeza viti kwenye mstari na kunywa chai pamoja. Na chai yenyewe walikuwa wanainywa kwa mazungumzo ya aina gani? Baba anamwambia Mama alichokisema hasa. Mama anamwambia Baba mimi nilichomfikishia. Kisha wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Ile ya lori kupanda mlima!" Baba alisema, akijipangusa macho. "Ukaja kuniuliza kama nimelala vizuri! Mwanangu, una kipaji!"

"Kwa hiyo mlikuwa mnatunga."

"Siku nyingine ilibidi tutunge," Mama alikiri. "Hatukuwa na ugomvi wa kutosha."

"Matusi mengine tulikuwa tunayaandika pamoja," Baba akasema. "Ile ya cherehani ni ya mama yako."

Nikamtazama Mama. Mama akatabasamu kidogo, kama msanii aliyetajwa jina.

Nilihisi nguo zinanivuka. Nilikuwa nimejiona mimi ndiye mwongo wa nyumba ile. Usiku nimekesha nikitubu. Kumbe katika nyumba yenye waongo watatu, mimi ndiye nilikuwa mwanafunzi.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulijaribu," Mama alisema. "Mara tatu. Kila tukikaa kukuambia, unaingia na maneno yako matamu, uso umekunjamana kwa huruma. Tungekuambia, ungejua tumejua kwamba unadanganya. Ungeaibika."

"Hiyo ndiyo sababu?"

Mama akalichukua tena lile joho. Baba, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha kipimo kisichokamilika, akajibu kwa niaba yake.

"Na ungeondoka," alisema. "Ungeona tumepatana, ungefunga mizigo yako, ukaenda zako."

*

Sikulia. Ningependa kuwaandikia kwamba nililia, maana wasomaji mnapenda. Nilishikwa na ubaridi tu, kuanzia kwenye nyayo.

"Kuna mtu aliniomba tuoane," nikasema. "Mara mbili. Nilimkataa mara mbili kwa ajili yenu. Nilimkataa kwa ajili ya ugomvi ambao haupo."

"Hatukukuambia umkatae," Baba alisema.

"Mlinyamaza."

"Kunyamaza si kusema uongo."

"Katika nyumba yetu, Baba, kunyamaza ndiyo lugha."

Mama akaacha lile joho. Nilimwona anazeeka pale kitini, bila rangi yoyote ya jukwaani. Akanyoosha mkono kunishika. Nikausogeza wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumfanyia hivyo maishani.

Hapo mlango ukagongwa, na Fundi Taa akaingiza kichwa. Alikuwa amenawa uso. Alikuwa amevaa shati safi lenye mikunjo ya sanduku. Akawasalimia wazazi wangu, "Shikamoo Baba, shikamoo Mama," kwa heshima iliyopita kiasi, na nikashangaa jinsi Baba alivyoitikia. Aliitikia kwa sauti ya mtu aliyekutwa juu ya mti wa jirani.

"Naona leo wazee mmezungumza," Fundi Taa alisema.

"Kidogo," Mama akajibu.

"Mbele ya watu mia mbili. Mimi mwenyewe nimewamulika."

"Kijana wangu," Baba akaanza, "mambo haya tungeyaongea siku nyingine, tukiwa tumetulia..."

"Mnajuana?" nikauliza.

Fundi Taa akanigeukia. Alikuwa anatabasamu.

"Si uliniandikia mwenyewe?"

"Nilikuandikia nini?"

Tabasamu likamtoka polepole. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, mikunjo imechakaa kwa kufunguliwa na kufungwa.

"Mara ya tatu sikuja kwako," alisema. "Niliona labda nimekosa adabu, sikupita kwa wazazi. Nikaenda nyumbani mchana ukiwa mazoezini. Nikawaomba wakufikishie ujumbe. Baada ya siku mbili wakaniletea jibu lako."

Nikaifungua. Herufi zilikuwa zimesimama wima, zimeachana nafasi sawasawa, kama vigingi vya mpaka. Nimeuona mwandiko ule kwenye ramani tangu sijaenda shule.

"Nimekubali," barua ilisema. "Ila unisubiri hadi siku Baba na Mama watakapozungumza tena mbele ya watu. Na tafadhali usinitajie jambo hili mpaka siku hiyo ifike, kwa sababu naona haya."

Chini kulikuwa na jina langu. Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu iliyopita.

Miaka mitatu, wasomaji wangu. Miaka mitatu nimekuwa mchumba wa mtu, na mjini kote mimi peke yangu ndiye sikuarifiwa. Maji yale, viti vile, sikuwa nahurumiwa. Nilikuwa nasubiriwa.

"Nani ametunga?" nikauliza.

"Maneno ni ya mama yako," Baba alisema haraka. "Mimi niliandika tu."

"'Naona haya' ni ya kwako!" Mama akamrukia. "Mimi nilisema 'nina aibu'!"

"Mama!"

"Hatukumkataa, mama," Mama alisema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Kijana mzuri, tulimpenda tangu alipovua viatu mlangoni. Tulitaka tu asubiri kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sharti lilikuwa wazi," Baba alisema, akitazama sakafu. "Halikuwa na tarehe."

Fundi Taa alikuwa amesimama katikati ya majoho, mikono imelegea. Mtu anayeamini jambo miaka mitatu kisha akaambiwa halikuwepo, uso wake sitausahau. Nilidhani atageuka aondoke. Nilidhani atamfokea Baba. Angekuwa na haki.

Badala yake aliichukua karatasi ile mkononi mwangu, akaikunja mara nne, akairudisha mfukoni.

"Basi nauliza upya," alisema. "Wewe. Hawa wasijibu."

Mama akafungua mdomo. Baba akamshika mkono. Mama akafunga mdomo.

Nje mwongozaji alikuwa anapita kwenye korido akiwauliza watu wako wapi wale wazee wa safu ya tatu, anataka waje kila Jumamosi. Wote watatu walikuwa wananitazama mimi.

Nikampa tarehe kwa neno moja tu, kwa sauti yangu mwenyewe, wala sikunong'ona: "Leo."

Baba akaketi juu ya sanduku la mavazi. Mama akasimama. Fundi Taa akacheka, kisha akaona mimi sicheki, akaacha.